Kumbukumbu za kikao kilichokuwa bado

Ndugu zangu, nawasihi, someni kisha mfute. Asijue mwingine.

Asubuhi mkurugenzi alinipa kumbukumbu za kikao cha saa tisa nizichape. Spesi, dada tunayefanya naye kazi, alikuwa amemshitaki mkurugenzi huyo kwa kumshikashika.

"Shefu, kikao bado."

"We chapa tu. Utaona."

Nikachapa: mlalamikaji alilia, akaondoa shitaka.

Saa tisa Spesi alilia. Akaliondoa.

Wenzangu wanasema hata mwanaume ana haki ya kusikilizwa. Sawa. Na Spesi alisikilizwa na nani?

Mstari wa mwisho wa kumbukumbu nilizochapa ulisema: karani, yaani mimi, hakuona kitu.

Mimi nilimwona akimshika. Waliponiuliza kikaoni, nikasikia sauti yangu ikisema: "Sikuona kitu."

Msinipigie kazini. Njooni mtaa wa Bwiza kabla ya saa za kutotembea usiku, kwa mama muuza ndagala, wale samaki wadogo, nyuma ya soko. Mwambieni mnamtafuta yule aliyeona.