Simu Iliyoita kwa Jina la Mdogo Wangu

Wiki ile redio ya mama haikuzimwa. Jumatatu ilisema bomu limelipuka kwenye kituo cha treni. Jumatano watu wenye bunduki walikuwa wameingia hotelini, bara jingine kabisa. Ijumaa mtu aliingiza lori katikati ya watu waliokuwa wakitembea na watoto wao. Nilikuwa likizo, nimerudi nyumbani kwetu nje kidogo ya Kiomboi, na mama alikuwa akipepeta alizeti uani. Kila taarifa ya habari ilipoanza alisimamisha ungo hewani mpaka mtangazaji ataje mji. Ukisikika mji mwingine, aliendelea kupepeta.

Mji aliokuwa akiusubiri ni ule wa Uarabuni ambako mdogo wangu alikuwa akifanya kazi za ndani. Alikuwa akinipigia kila Ijumaa, siku yake ya kutoka, kwa kuwa mama hakuwa na simu.

Ijumaa ile hakupiga. Jumamosi mchana redio ikautaja mji. Bomu kwenye soko la nguo, jana yake jioni. Mama aliweka ungo chini, akachuchumaa, akaanza kuokota punje zilizomwagika, moja moja. Mimi nilipiga namba ya mdogo wangu mpaka kidole kikauma. Haikupatikana.

Jumapili, tukitoka kanisani, tulipita stendi. Watu walikuwa wameacha nafasi wazi kuzunguka kiroba kilichosahaulika chini. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekisogelea. Upepo ulikuwa ukikitikisa mdomo. Baadaye mwenyewe akatoka chooni, akakibeba begani na kwenda zake. Vilikuwa vitunguu.

Jumatatu, saa nne asubuhi, simu yangu iliita. Kwenye kioo lilitokea jina nililomwandikia: Mdogo.

"Uko wapi?" nilipiga kelele. "Mdogo wangu, uko wapi?"

Nilisikia nyayo nyingi zikipita kwenye sakafu ngumu, na karibu kabisa na sikio langu mtu akipumua. Kisha ikakatika. Nilipopiga, ilikuwa imezimwa.

Jumanne, saa ileile, ikaita tena. Mama alininyang'anya. Aliongea Kinyiramba, lugha yetu, akamwuliza kama amekula, kama anaumwa wapi. Aliongea muda mrefu, na wa upande wa pili akamsikiliza mpaka mwisho. Mama akanirudishia simu.

"Siyo yeye," alisema.

"Umejuaje, mama?"

"Nimemzaa. Huyu ni mtu mzima."

Jumatano sauti ilitoka. Ya mwanamke, nzito, ikirudia maneno machache ya Kiarabu kama anayeuliza. Nilimjibu kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza changu cha darasani. Akakata.

Jioni ya siku hiyohiyo ikaingia namba nisiyoijua. "Dada, ni mimi," mdogo wangu alisema. Alikuwa mzima. Alikuwa sokoni, alikimbia, simu imebaki hukohuko. Bosi wake alikuwa amemwazima ya kwake, ila tarakimu mbili za mwisho za namba yangu zilikuwa zimempotea, akawa anajaribu hii na hii, akiamsha hasira za watu asiowajua. Mama alilia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Kwa hiyo Alhamisi, saa nne, jina lake lilipowaka tena kwenye kioo, sote tulijua si yeye anayepiga. Tuliiangalia ikitetemeka juu ya kigoda kama watu wanaoangalia mdudu.

Nilikuwa nimeshamwita ustadhi wa madrasa, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alikuwa amesoma Kiarabu miaka mingi. Akapokea, akasalimia, akasikiliza. Mkono wake mwingine ulianza kukunja na kukunjua pindo la kanzu.

"Anamtafuta binti yake," alitwambia, akiwa ameziba simu kwa kiganja. "Yuko hospitali. Wamemwonyesha vitu vilivyookotwa sokoni. Mkoba mweusi anaapa ni wa binti yake. Ila hii simu ndani yake haijui. Anabonyeza namba ya mwisho iliyopigwa, inakuja hapa. Anauliza sisi ni nani kwa mwanawe. Nimwambieje?"

"Mwambie ukweli," mama alisema. "Ila usimkatie simu."

Ustadhi aliongea polepole. Alipomaliza, yule mwanamke akauliza kitu kifupi.

"Anauliza kama wa kwetu yu hai."

Mama aliitikia kwa kichwa. Ustadhi akajibu. Na tulimsikia yule mwanamke akisema "Alhamdulillahi," neno ambalo hata sisi wa kanisani hatukuhitaji kutafsiriwa. Hakupiga tena. Nilipojaribu kumpigia kupitia ustadhi, namba haikupatikana, wala haijapatikana mpaka leo.

Mdogo wangu alirudi mwaka uliofuata. Habari za soko lile alituambia mara moja tu, tukimenya mihogo. Jioni ile alikuwa akijaribu mitandio mbele ya kioo. Pembeni yake palikuwa na msichana wa rika lake, akamrekebishia mtandio begani, akacheka. Wote wawili walikuwa wameweka mikoba yao kwenye benchi, mikoba myeusi ya aina moja. Mlio ulipotokea alinyakua mkoba na kukimbia. Aliufungua usiku, kitandani. Haukuwa wake.

"Ndani yake mlikuwa na simu?" niliuliza.

"Ya kisasa. Iliita siku mbili nzima, picha ya mama mmoja inatokea kwenye kioo. Nilikuwa na Kiarabu cha jikoni tu, dada. Ningepokea niseme nini? Kwamba nina mkoba wa mwanao? Wangesema nimeiba, au nimefanya jambo baya zaidi. Niliiweka chini ya godoro mpaka chaji ikaisha."

Kisu cha mama kilisimama kwenye muhogo.

"Na ulipokuwa umeilalia," aliuliza, "ulikuwa unaisikia?"

"Muda wote, mama."