Unga Uliokwisha Kuchanganywa

Niliporudi kusoma chuoni, hapa mjini Baraka, nilijikuta darasa moja na binti yangu wa kwanza. Mimi nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka mingi na nilitaka ruhusa ya kufundisha hesabu sekondari. Yeye ndiyo kwanza ametoka kupata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari. Watu walitucheka, nami nikacheka nao, mradi wasiguse jambo moja: kwamba binti ndiye anayenifanyia kazi. Hapo nilikuwa nawaka, maana hasira zangu haziko mbali.

Shida ni kwamba tulisomea meza moja, vyombo vikishaoshwa, na kazi zetu za aljebra zikatoka zimefanana mno. Siku moja profesa akaziweka mbele yake zote mbili, akaeleza bila ukali kwamba vekta, ile mishale ya hesabu, zikiwa mbili na zikilala kwenye mstari mmoja, ya pili haiongezi kitu. Darasa lilielewa upesi kuliko nilivyopenda. Akasema kila mmoja wetu atajibu peke yake, kwa mdomo, na atakayeshindwa atarudia somo. Kila mtu alijua ni nani aliyekuwa akipimwa.

Siku yenyewe nilivaa kitenge changu kizuri, nikaingia. Profesa alichora ubaoni mishale miwili iliyoelekea pande tofauti, a na b, kisha wa tatu, c, ambao ni a na b zikijumlishwa. Akauliza kama mishale yote mitatu inatufikisha mahali ambapo ile miwili ya kwanza haitufikishi. Nikajibu hapana, na nilijibu kwa raha, kwa sababu jikoni kwangu kuna mifuko mitatu: unga wa muhogo, unga wa mahindi, na ule uliochanganywa huko kinuni. Ugali wowote utakaoupika kwa mitatu, ungeupata kwa miwili ya kwanza.

Akafuta a. Akauliza kama kwa b na c peke yake tunaweza kuipata a tena.

Nikasema haiwezekani, tena kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimemkumbuka mama mkwe wangu, aliyeteremka kutoka Fizi bila kutuarifu siku niliyokuwa nimebaki na mahindi na mchanganyiko tu. Yeye hali ugali wenye mahindi. Kwake huo ni ugali wa kumfukuza mgeni. Nilizunguka kwa majirani na bakuli mkononi kuomba muhogo, huku nikitabasamu kila mlango.

“Sababu gani haiwezekane?” profesa akauliza.

“Unga ikisha kuchanganywa, profesa, nani ataweza kutosha mahindi ndani, aitoe yote?”

Aliutazama ubao, kisha akajifuta macho. Nikadhani nimekwisha.

“Ku jiko uko na haki, mama. Lakini hapa ku ubao, kutosha inakatazwa?”

Nikaangalia ile mishale tena. Hakuna aliyekataza. Vekta unaiongeza na unaipunguza utakavyo, hata mara kumi, na haikasiriki. Nikachukua chaki nikaandika c kutoa b, na a ikarudi mahali pake, safi, bila chembe ya mahindi. Laiti jiko langu lingekuwa hivyo siku ile.

Profesa aliandika alama yangu, akaniambia nimepita. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

“Ile kosa ya kwanza haikutoka kwa mutoto yako. Ye hayapikia mama-mukwe bado.”

Binti yangu alikuwa ananisubiri nje pamoja na wanafunzi wenzetu, wale wale waliokuwa wakisema ananifanyia kazi. Akaniuliza kama nilijibu sawasawa.

“Nilikosa,” nikamwambia mbele yao wote, na nilikuwa na furaha hata mdomo ukakataa kufunga.