Ubao wa Mengia Ukutani

Watu wa bondeni kwetu wakikusimulia jinsi Mengia Caviezel alivyoanguka, watakuambia ni uzee. Uzee! Wanalitamka neno hilo wakiwa wamejinyoosha juani na kikombe mkononi, kana kwamba wao huzaliwa upya kila mwaka. Tuanze na viti basi, maana anayetaja uzee bila kutaja viti amekula njama na Gaudenz.

Gaudenz ndiye mwenye mkahawa ulio chini ya mteremko mkubwa, jirani na lifti inayopandisha watu mlimani. Mbele ya mkahawa kuna baraza la mbao, na siku za jua watu hujaa hapo kwenye viti vya turubai, wakinywa supu ya shayiri na kuwachambua wanaoteremka. Kwetu mtu hafiki mkahawani akasimama tu kama gunia lililoshushwa. Hukata kona ya mwisho mbele ya baraza, moja tu, na hapo ndipo anapopimwa. Unaweza kuteremka mlima mzima bila kosa, lakini kona hiyo ikikukataa utachekwa mpaka Pasaka.

Mengia haikuwahi kumkataa. Kazi yake ni kufagia dohani. Siku za kazi utamkuta juu ya paa la mtu, mweusi tititi kwa masizi, brashi begani, akiimba vibaya. Mwaka mpya watu wazima na akili zao humgusa mkono wa koti ili wapate bahati, naye huwaambia wakanawe. Lakini theluji ikishashika, siku za mapumziko lifti ikifunguliwa asubuhi yeye yuko wa kwanza, na ubao wake wa kutelezea theluji kwapani: mrefu, mwembamba, wa kijani, wa kuvaliwa na buti ngumu. Haruki nao wala habinuki nao hewani. Anachonga. Anaulaza ubavu mpaka ukingo wake wa chuma unazama kwenye theluji iliyoganda, magoti yamekunjwa, nyonga inakaribia chini, na nyuma yake unabaki mstari mmoja mwembamba ambao wageni huupiga picha.

Yeye na Gaudenz ndio walioanzisha mambo hayo hapa bondeni, enzi ambazo wenye skii waliwazuia kupanda lifti na wazee waliwaita wahuni. Walipanda kwa miguu, ubao mgongoni. Baadaye Gaudenz akanenepa na kufungua mkahawa. Mengia akaendelea, na mdomo wake ukaendelea naye. Kosa la wachongaji wengi ni kutaka kuonekana wamelala chini kuliko walivyolala. Magoti hayajakunjwa, mtu ananyoosha mkono aguse theluji, mwili unaufuata mkono, na ubao uliobaki bila uzito unateleza. Mengia akimwona mtu wa namna hiyo, alikuwa akimpigia kelele mbele ya baraza zima:

"Wee! Unatafuta nini huko chini? Umedondosha funguo?"

Sasa viti. Msimu ule Gaudenz aliingiwa na tamaa. Baraza halikumtosha tena, akapanga safu ya viti nje, juu ya theluji yenyewe. Kila mara jua lilipotoka, safu ilisogea mbele kidogo. Mengia alimwendea.

"Gaudenz, viti vyako vimeingia njiani."

"Njia ya nani? Mlima wote huu, bibie."

"Njia ya kona. Unaijua vizuri sana, uliikata kabla hicho kitambi hakijaja."

"Kitambi changu kiache. Wewe ikate juu kidogo, hutakufa."

"Nikate juu kidogo, mimi! Toa viti, Gaudenz."

Gaudenz akacheka, akaenda zake kuwahudumia wageni. Viti havikutoka.

Ilikuwa Jumamosi ya jua kali, baraza limefurika na wageni wameinua simu zao. Mengia alishuka kwa kasi, akaingia kwenye kona ya mwisho, na pale pale kona yake inapomalizikia akaona miguu ya kiti cha turubai, na mwanamke mgeni amelala ndani yake amefumba macho, bakuli la supu tumboni. Mengia akaibana kona. Ubao ukachomoka chini yake, akatua kwa uzito wote juu ya kiganja cha kushoto. Aliusikia mfupa, mlio mkavu, kabla maumivu hayajafika. Akaserereka hadi chini ya kile kiti na supu ikammwagikia shingoni.

Na Gaudenz, ambaye viti ni vyake, alikuwa mlangoni na sinia. Unajua alisema nini? Alipaza sauti baraza zima lisikie:

"Mengia! Umedondosha funguo?"

Watu wakacheka. Walicheka, na mkono wa mwenzao umepinda mahali ambapo mkono haupindi! Gaudenz alipouona alilitupa sinia akaja mbio, na ni yeye aliyeufunga kwa skafu yake mwenyewe, tusimnyime haki yake. Lakini neno lilikwisha kutoka, na kabla ya jioni lilikuwa limefika kila nyumba.

Mengia alifungwa hogo la plasta kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Binti yake Flurina, mwalimu wa chekechea, mtu mwenye huruma ya kuchosha, alihamia kwake kumpikia na kumvalisha. Majirani walikuja na keki za kokwa za jozi, na kila keki ilikuja na ushauri.

"Sasa tembea tu kwa miguu, Mengia. Kutembea nako kuna raha yake."

"Na wewe jaribu kunyamaza," alisema Mengia, keki mdomoni. "Nako kuna raha yake. Mbona hamwendi kumshauri Gaudenz kuhusu viti?"

Hakuna aliyekwenda. Gaudenz anapika vizuri.

Kuna jambo moja ambalo Mengia hakumwambia mtu, na lilimchoma kuliko mfupa. Viti vilikuwa njiani, hilo hakuna wa kulipinga. Lakini kabla hajakiona kile kiti, mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwisha kunyooka. Aliziona zile simu, akataka kuonekana amelala chini kuliko magoti yake yalivyotaka siku hiyo. Alikuwa akitafuta funguo. Alijikasirikia mpaka machozi yakamtoka, na Flurina alipouliza, akasema ni hogo linawasha.

Hogo lilipokatwa, mteremko ulikuwa umeshaota majani. Mengia akaenda bandani kuupaka ubao nta ya kiangazi kama afanyavyo kila mwaka. Akakuta msumari mtupu.

"Flurina! Ubao wangu uko wapi?"

Flurina akatoka jikoni anafuta mikono kwenye aproni. "Mama, kaa kwanza."

"Sikai."

"Nilimpa Gaudenz. Ameutundika pazuri, mama, na jina lako juu yake. Watu walisimama wote wakanywa kwa heshima yako. Wengine walilia."

Ndani ya mkahawa wa Gaudenz kuna ukuta wa mbao za walioacha. Mtu akiona magoti yamegoma, huubeba ubao wake begani, akaufikisha kwa mikono yake na kusema, chukua. Gaudenz huufunga ukutani kwa skrubu na kuandika jina kwenye kibao, na watu husimama wakanywa. Ni heshima kubwa. Lakini mwenyewe ndiye huuleta. Waliopelekewa na wengine ni marehemu tu.

"Mmenizika," alisema Mengia.

"Mama! Niliogopa. Hukujiona ulivyoletwa siku ile."

"Ungeniambia unaogopa, ningekusikiliza. Ningekasirika halafu ningekusikiliza. Wewe umenyamaza na umenizika, na mimi nipo hapa nyuma ya ukuta nakunywa uji wako!"

Flurina akalia. Mengia hakumbembeleza siku hiyo, na mimi simlaumu.

Mkahawa ulikuwa umefungwa, Gaudenz yuko juu malishoni na ng'ombe wa kaka yake. Majira yote ya joto Mengia alifagia dohani za watu akibamiza brashi kama anapigana na mtu humo ndani, na alipopumzika aliminya mpira kwa mkono wa kushoto mpaka vidole vikarudisha nguvu. Alijua Gaudenz atamtafuta tu. Moshi utamlazimisha.

Baridi ilipoanza, simu ikalia.

"Mengia, mpenzi, hujambo? Nimewasha jiko, moshi wote unarudi ndani. Utapata nafasi?"

"Nakuja."

Alikwenda, akaifagia dohani ile kuanzia juu hadi chini, vizuri kuliko zote, asije mtu akasema aliharibu kazi kwa hasira. Kisha akaingia ukumbini na masizi yake, akaweka ngazi kwenye ukuta wa walioacha, akatoa bisibisi.

"Unafanya nini?" akauliza Gaudenz.

"Sijamaliza kufagia."

"Mengia, hiyo ni heshima. Binti yako mwenyewe ndiye..."

"Nani aliubeba huu ubao mpaka hapa? Nakuuliza wewe, tuliopanda wote kwa miguu. Mimi nilikuambia, chukua?"

Mengia akafungua skrubu ya kwanza, akaliona tundu.

"Na umeutoboa! Umetoboa ubao wa mtu aliye hai, wewe!"

Akaushusha. Halafu akaenda stoo, akarudi na kiti cha turubai, akakipandisha ngazi na kukifunga ukutani pale pale, kwa skrubu zile zile. Kibao chenye jina lake mwenyewe akakigeuza nyuma mbele, na kwa kidole cha masizi akaandika GAUDENZ.

"Hiki ndicho kilichostaafu," alisema, akaondoka na ubao begani.

Theluji ilikuja mapema mwaka ule. Siku lifti ilipofunguliwa, baraza lilijaa kuliko kawaida, maana kila mtu alikuwa na sababu yake ya kuja kunywa kahawa. Flurina alikaa mbele kabisa, mikono ameikunja kifuani. Nje ya baraza, juu ya theluji, hapakuwa na kiti hata kimoja.

Mengia alisimama juu ya mteremko, matundu ya skrubu ameyaziba kwa gundi, na aliogopa. Hakuwa ameogopa mlima tangu utoto, na kuogopa kulimkasirisha upya. Akauingiza mkono wa kushoto mfukoni mwa koti, akavuta zipu mpaka kwenye kifundo cha mkono, akashuka.

Kwenye kona ya mwisho hakuwa na mkono wa kunyoosha. Alikuwa na magoti tu. Akayakunja, yakalia, akayakunja tena, nyonga ikakwaruza theluji, na ukingo wa ubao ukashika ukashikilia mpaka mwisho. Theluji ikaruka ikawapiga usoni waliokaa mbele, na Gaudenz na sinia lake.

Akasimama. Gaudenz akajipangusa uso, akautazama ule mfuko uliofungwa.

"Kushoto umeficha nini?"

Mengia akavuta zipu taratibu, akautoa mkono, akatikisa funguo za nyumba yake mbele ya watu wote.

"Sijadondosha kitu," alisema. "Niletee supu."