Glasi ya Moshi Iliyotangulia

"Eti ana pua! Na mimi hiki kilichoko usoni ni kitasa?"

Hivyo ndivyo wifi yangu, dada wa mume wangu, alivyofoka jikoni mwa hoteli siku meneja alipompa msichana mpya meza ya wiski. Mimi nilikuwa kwenye karo, povu mpaka viwikoni. Wifi ameshika kaunta ya baa tangu viti vyake vikiwa bado na nailoni za dukani. Sasa kaja binti aliyesomea kunusa pombe, naye ndiye wa kuwaeleza wageni, kila Ijumaa, wiski za dunia. Wifi kaachiwa kumimina.

"Mwache mwenzio aseme," nikamwambia. "Wewe mimina."

"Wifi, usinitie chumvi kwenye kidonda."

Si mtu mbaya. Ni mchapakazi, mlevi hamtishi, na yeye mwenyewe hajaonja hata tone. Ila ana wivu, jamani! Jirani akinunua ufagio, wa kwake anauona umezeeka. Wiki nzima alimwigiza yule binti, shingo upande, glasi ya maji mkononi:

"Hii ya Ireland, nyingi hukenekwa, yaani huchemshwa ikawa mvuke, mara tatu, ndiyo maana laini. Mara tatu! Ni pombe au nepi? Bourbon ya Marekani, mahindi mengi, pipa jipya lililounguzwa ndani, huko ndiko unakotoka utamu wa vanila. Ya India hukomaa upesi kwa joto. Ya Japani imetulia, inanong'ona. Na hii ya visiwani Uskoti, shayiri yake imekaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi. Hiyo iwe ya mwisho, mama, maana moshi ukishakaa ulimini, nyingine zote huzisikii."

Nilicheka mpaka sahani ikaniponyoka. Kumbe mwigizaji alikuwa ameyashika yote.

Ijumaa, nikichungulia mlangoni mwa jikoni, wageni wakakaa, kila mmoja na glasi zake tano, zilizojazwa na kupangwa na wifi. "Tuanzie kushoto," binti akasema. "Ya Ireland, laini kabisa."

Mzee mmoja mwenye tai akapiga funda. Macho yakamtoka.

"Laini? Binti, nyumba yangu iliwahi kuungua, na haikunuka hivi!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Binti akanusa glasi yake, akaijua ile ya Uskoti, akamtazama wifi. Wifi akaangalia dari kama fundi wa taa. Wakaendelea, lakini mambo yalishaharibika: ya India moshi, ya Japani moshi, ya Marekani moshi.

Meneja akasogea, kanuna. "Nani kapanga hizi?"

Wifi akaokota kitambaa, akafuta meza kavu.

"Mimi, bosi," binti akasema.

"Basi Jumapili hupumziki. Utashinda kaunta."

Na Jumapili ndiyo siku pekee binti yule humwona mwanawe, anayelelewa na bibi yake.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani wifi alitangulia mbio, akipiga teke kila kopo. Mwisho akapasuka: "Kwa nini kasema ni yeye? Anajifanya malaika ili mimi nionekane shetani!"

Hata wema wa mwenzie ulimtia wivu.

"Kuonekana shetani huhitaji msaada," nikamjibu. "Umekula siku ya mtoto wa watu. Hilo ni deni."

Jumamosi akaingia ofisini kwa meneja, akafunga mlango. Sikusikia walichosema, ingawa nilijitahidi. Alitoka uso umemvimba, akapita karoni bila kunitazama.

Jumapili nilimkuta wifi kaunta, zamu si yake, anafuta glasi kama anazichuna ngozi.

"Binti yuko wapi?"

"Kwa mwanawe, atakuwa wapi? Kanikumbatia pale getini mbele za watu, kanipaka poda nguo nzima."

"Basi deni limekwisha."

"Kasema limekwisha." Akainusa sketi yake, akakunja uso. "Ila wifi, hiyo poda yake! Sijui hata kanunua wapi."