Finjani ya Mtoto wa Rubani

Absalom alikuwa mtu wa kinyongo, na tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kinyongo hicho alikirithi kwa bibi yake, Sellah, aliyemlea karibu na Kisumu. Ndege ikipita juu, bibi aliacha jembe, akatema mate, kisha akaendelea kulima.

Sababu ilikuwa babu, Elphas. Enzi za mkoloni kulikuwa na ndege za maji, zilizotua ziwani kwa tumbo kama bata. Kazi ya Elphas ilikuwa kukaa kwenye mtumbwi na bendera mbili: nyeupe ziwa likiwa shwari, nyekundu kukiwa na hatari. Siku moja ziwa lilichafuka, akapeperusha nyekundu mpaka mkono ukafa ganzi. Rubani Mzungu akatua vivyo hivyo. Ndege ilipiga wimbi, ikapasuka, abiria wakazama. Rubani mwenyewe alipona, akaenda kuapa kortini kwamba mlevi mmoja alimkatizia njia na mtumbwi. Elphas alifungwa, akafia gerezani, na ukoo mzima ukabaki kuitwa watu wa mlevi. Mtu ambaye hata busaa ya harusini hakuionja. Inauma, na asiyeumwa na hilo hana babu.

Vijana walipoanza kumiminika Saudia, Absalom naye akaenda kuwa dereva. Kafili wake wa kwanza, yaani mwajiri aliyemdhamini, alikaa Al-Suwaidi, Riyadh. Siku moja wageni walijaa, akaambiwa agawe kahawa. Akazijaza zile finjani pomoni kwa roho safi, maana kwao kumpa mgeni kikombe nusu ni uchoyo wa kusutwa. Kafili akamzaba kofi mbele ya watu.

"Ndugu yangu, umewafukuza wageni," Hezron, dereva mwenzake kutoka Kakamega, alimwambia baadaye huku akicheka. "Hapa mgeni humiminiwa kidogo, kisha akaongezwa. Ukiijaza finjani, umemwambia anywe aende zake."

Kofi Absalom alilimeza, somo akaliweka akiba.

Mkataba ulipokwisha alihamia Jeddah, Al-Safa, kwa bosi muungwana asiyejua kupaza sauti. Huko alituliza moyo, akajua kumimina kahawa kuliko wenye desturi yao. Hadi alasiri ile alipotumwa kumleta Mista Gordon, mzee wa Kiingereza aliyezeeka nchini humo akifundisha marubani, na aliyependa kujisifu kwamba mila za Waarabu anazijua kama mwenyeji.

Wageni walikaa, kahawa ikazunguka, mazungumzo yakaangukia ndege za zamani. Mista Gordon akaeleza, kwa Kiingereza, kwamba baba yake alirusha ndege za maji, na moja ilimvunjikia ziwani, Kisumu.

"Mwafrika mmoja, mlevi chakari, alimkatizia njia na mtumbwi," alisema huku akicheka. "Baba alipenda sana kutusimulia."

Absalom alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, birika mkononi. Walidhani Kiingereza chake kinaishia kwenye yes bosi. Alimwona bibi Sellah akiacha jembe. Akaomba moyoni mzee huyo asife kabla hajalipa.

"Yalla, Absalom, mwongeze mgeni," bosi akasema.

Akamwongeza. Alimimina taratibu mpaka kahawa ikafika ukingoni mwa finjani na haikuwa na pa kwenda tena. Mista Gordon aliitazama, na uso ukamwiva, kwa sababu alijua.

Bosi akacheka kwa taabu. "Tumsamehe. Huyu Mkenya, mila zetu hazijui."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo. Angeinamisha kichwa tu, kazi ingebaki. Ila mzee alishaanza kutabasamu, na Absalom hakuweza kulivumilia tabasamu lile.

"Nazijua, bosi," akasema kwa Kiarabu. "Riyadh nilipigwa kofi ili nizijue." Kisha akamgeukia mgeni kwa Kiingereza. "Mtu wa mtumbwi alikuwa babu yangu. Pombe hakunywa. Alipeperusha bendera nyekundu, na baba yako aliiona."

"Bendera ilikuwa nyeupe," mzee akajibu haraka.

Bosi akaiweka finjani yake chini. "Mlevi wa kukatiza njia alikuwa na bendera? Mbona hukututajia?"

Mista Gordon alitafuta jicho la kumtetea chumbani mle, akalikosa. Finjani ikabaki mbele yake, imejaa, haijaguswa. Akaomba viatu vyake.

"Halas, Absalom," bosi akasema polepole. "Hata kama amekosa, alikuwa mgeni wangu. Utarudi kwenu."

"Sawa, bosi. Ulinitendea wema, na kwako naomba radhi. Kwake siombi."

Mzee alikuwa amefika mlangoni, anapapasa kitasa. Absalom akamtangulia, akaufungua mlango wote.

"Pita, Mista Gordon," akamwambia. "Njia iko wazi. Leo hakuna mtumbwi."