Gorogoro Tatu Kutoka Gunia la Mbwa

Asubuhi hiyo tulikuwa watu wanne bomani kwangu, huku Gatuanyaga. Mimi mwenyewe. Mke wa mwanangu mkubwa, ambaye nyumba yake iko hatua kidogo kutoka yangu. Mzee jirani, wa rika moja na marehemu mume wangu, ndiyo maana huniita bibi yetu, yaani mke wa rika lao, bila kuogopa mtu. Na daktari wa mifugo, mtoto wa dada ya huyo mzee, aliyekuja baadaye na pikipiki. Majina yao yote ninayo, hata la baba yake daktari, lakini wako hai na sijawaomba ruhusa. Wa tano alikuwa mbwa wangu, na huyo alikuwa amekufa.

Nilimkuta nikitoka kukamua. Amelala kando ya rundo la mawe, ulimi nje, na maziwa yakanimwagikia miguuni. Jana yake alikuwa ametembea nyuma yangu mpaka zizini, polepole, lakini alitembea.

Mke wa mwanangu alisema ni nyoka, kwa sababu ya yale mawe. Aliwahi kumwona mmoja hapo tukipalilia maharagwe. Mzee jirani alisema ni wezi: mbwa akifa ghafla hivyo, kuna mtu anataka ng'ombe.

“Bibi yetu,” akaniambia, “sasa nani atabweka hapa? Ama nihamie?”

Mke wa mwanangu akacheka, akajifunika mdomo na leso. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria dawa ya kupe. Jana yake nilikuwa nimempulizia ng'ombe, na iliyobaki nikaimwaga kando ya ua, mahali mbwa hupita. Nikasema moyoni nimemuua kwa mikono yangu. Nilidhani hiyo ndiyo hofu yenyewe.

Daktari alimgeuza, akatafuta alama za meno kwenye manyoya, hakuona. Hakuona povu wala kuharisha kama kule kunakoletwa na dawa ya kupe. Akauliza kama mbwa alikuwa anakula vizuri. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba siku tatu nzima alikuwa akinusa sufuria na kuiacha, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilikuwa nimesema ni joto. Akavaa glavu, akampasua. Ini lilikuwa la manjano, na damu imejaa tumboni.

“Hapa bila kupima maabara siwezi kuapa,” alisema. “Lakini ini kama hili nimeliona kwa mbwa waliokula mahindi ya kuvu. Ulikuwa unampa nini, nyanya?”

Kila mtu huku anajua tunavyofanya. Tukishapukusa mahindi, tunaketi kwenye turubai na kuchambua. Mazuri yanaingia gunia la watu. Yaliyooza, yenye weusi na ukijani, yanaingia gunia la mbwa na kuku, kwa sababu nani atakitupa chakula? Msimu huo mvua ilitupata na mahindi nje, na gunia la mbwa likajaa kuliko la watu.

Sasa nina binti Ruiru, kule Membley, kwenye nyumba za geti. Anaishi na mtoto wake wa miaka minne. Mimi siendi kwa binti yangu na mkono mtupu, na mfuko uliojaa nusu ni aibu vilevile. Kwa hiyo nilikaa kando ya gunia la mbwa nikachagua tena. Punje zenye doa kidogo tu, sio zile nyeusi kabisa. Nikaziosha, nikazianika, zikang'aa. Gorogoro tatu, yale makopo ya kilo mbili mbili. Nikazichanganya na mazuri, nikapeleka kwa mashine ya kusaga, na unga wote ukaenda Ruiru. Mimi nilikuwa bado nakula wa zamani.

Daktari alipouliza, nilimtajia lile gunia. Nilimuuliza kama kuosha kunaondoa ile sumu. Akasema hapana, na hata kupika hakuitoi.

Nilimpigia binti yangu simu, haikushikwa. Nikapiga tena na tena. Nilimwachia mke wa mwanangu ng'ombe na mbwa wa kuzika, nikapanda pikipiki hadi Thika na kuendelea Ruiru, na bado nimevaa gamubuti za zizini. Njia yote nilikuwa naona lile ini. Na nisifiche kitu: nilikuwa pia natengeneza maneno. Ningesema wa mashine alichanganya unga wangu na wa mtu mwingine.

Binti yangu alifungua mlango akashangaa. Simu ilikuwa kwa chaja, chumbani. Sikumsalimia. Nilienda moja kwa moja kwa mtoto, nikamshika uso, nikavuta kope chini kuona kama jicho ni la manjano.

“Shosho, mikono yako inanuka ng'ombe,” akasema, akacheka.

Jicho lilikuwa jeupe. Lakini nilikuwa sijui manjano huja siku ya ngapi. Nikamwambia binti yangu asipike ule unga, nikamweleza habari ya mbwa. Akasema amempikia mtoto uji mara mbili. Akaketi.

“Mami, ni mashine ilichanganya?”

Alinipa yale maneno mwenyewe. Ningeitikia tu kwa kichwa. Lakini daktari wa mtoto angeuliza ni mahindi ya aina gani, na angehitaji ukweli.

“Ni mimi nilichanganya,” nikasema. “Nilijua yalikuwa ya mbwa.”

Alichukua sweta ya mtoto na mfuko wa unga, tukaenda hospitali. Walimtoa damu, akalia, mimi nikamshika miguu. Majibu yalitoka mazuri. Wakasema aangaliwe wiki moja. Wiki hiyo kila asubuhi nilipiga simu, na binti yangu alimpa mtoto aongee ili nisikie sauti, yeye mwenyewe haongei. Mtoto yuko sawa mpaka leo. Gunia la mbwa nililichoma.

Kama mbwa aliuawa na mahindi, siwezi kuapa; alizikwa na ini lake. Mzee jirani bado anasema ni wezi.

Nimeandika gorogoro tatu, na ndivyo nilivyomwambia binti yangu na daktari wa mtoto. Mke wa mwanangu alikuwa nami kwenye turubai siku ile nilipochagua tena. Ukisoma hapa, mke wa mwanangu, na uliniona nikichota ya nne, usininyamazie kwa heshima. Njoo uniambie, nimpigie simu Ruiru.