Viti vya Mama Chebet

Jana nilimwona msichana mwenye tablet kwa jirani akiuliza wana viti vingapi, nikakasirika upya.

Nikiwa mdogo, kijana mwenye tablet kama huyo alikuja kwetu kupima umaskini, ndio dada yangu Nekesa asaidiwe karo. Mama alinituma mbio kwa jirani yetu Mama Chebet tuazime viti na redio.

"Mgeni atakalia ndoo kweli?" Mama alisema.

Chai ya maziwa ya kuombwa ilinukia nyumba nzima.

"Hizi viti ni zenu?" yule kijana aliniuliza.

"Ni zetu," nilijibu, nikidhani ni mtihani na nimepita. Mama aliona aibu kusema ni vya kuazima.

Tulihesabiwa kuwa tunajiweza, Nekesa akaachwa nje ya orodha ya karo. Sasa anafulia watu nguo. Tablet ya yule kijana haikuuliza mahali popote kama siku hiyo tulikuwa tumekula.